MTI ULIOPINDA, KOSA NI LA NANI?



Katika mikutano yetu ya wazee na mashemasi kuna swali moja linalorudi kila mara. Kijana wa parokia alikwenda machimboni kutafuta shaba na kobalti. Amerudi anakunywa pombe, anavuta sigara, na kinywa chake kimejaa matusi. Binti aliyekuwa anaimba vizuri katika kwaya ameacha, sasa anaonekana usiku mahali pasipofaa. Mtoto mwingine amefukuzwa na ndugu zake, analala sokoni juu ya katoni. Tunapokaa kuwazungumzia, mmoja anasema: "Huyu ameharibika toka tumboni mwa mama yake." Mwingine anajibu: "Hapana, wazazi ndio walioshindwa." Wa tatu anasema: "Wakati huu ni mbaya, basi." Kisha tunasali, na kila mmoja anarudi nyumbani na jibu lake.

Mimi ninaomba tupeleke swali hili kwa mti. Bwana Yesu mwenyewe alifundisha kwa mtini, kwa mzabibu na kwa mbegu ya haradali. Mti hausemi, lakini umbo lake ni kama barua. Anayejua kuisoma ataona mahali mti ulipopata mwanga, mahali ulipokosa, na siku ulipolemewa.

1. Mambo mawili yanayoumba mti

Tazameni mwembe uliosimama peke yake katikati ya lupango. Matawi yake yanaanza chini, yanatanuka pande zote, watoto wanaupanda bila ngazi. Sasa tazameni mwembe mwingine uliobanwa kati ya ukuta wa nyumba na miti mikubwa ya jirani. Shina lake ni refu na jembamba, matawi yako upande mmoja tu, kichwa chake kimeinama juu ya barabara. Pengine miti hiyo miwili ilitoka katika maembe ya kapu moja. Tofauti ni kwamba mmoja ulipata mwanga pande zote, na mwingine uliupata kwenye nafasi ndogo tu, ukaufuata.

Wenye kulima mikaratusi kwa kuuza miti ya kujengea wanajua siri hii. Wanaipanda karibu karibu kwa makusudi. Kila mmoja unapata mwanga kutoka juu tu, kwa hiyo unakimbilia juu pamoja na wenzake. Matawi ya pembeni yakikosa mwanga yanakauka na kuanguka, na shina linabaki limenyooka kama mshumaa. Lakini panda mkaratusi ule ule peke yake mahali pa wazi, nao utafungua matawi yake mapema na kuwa mnene.

Jambo la pili ni uzito, maana yake ile nguvu ya dunia inayovuta kila kitu chini. Mtu aliyepita katika milima ya Kivu ameona ajabu moja ambayo pengine hakuifikiri. Udongo wa mlima umeinama, lakini miti haikuinama pamoja nao. Imesimama wima, sawasawa na miti ya bondeni. Kumbe mti haufuati udongo unaousimamia. Unafuata mstari wa uzito, kama fundi wa nyumba anavyofuata timazi lake.

Mwaka 1806 Mwingereza mmoja jina lake Thomas Andrew Knight alitaka kuhakikisha jambo hili. Alifunga mbegu za maharagwe katika gurudumu lililozungushwa na maji, mbio mbio, usiku na mchana. Katika mzunguko ule mbegu zilikuwa zinasukumwa kwa nguvu upande wa nje. Zilipoota, mizizi yote ilielekea nje na vichipukizi vyote vikaelekea katikati ya gurudumu. Mbegu zilidanganyika: zilifikiri kwamba nje ndiyo chini. Hapo ikajulikana kwamba ni uzito unaoambia mmea juu ni wapi na chini ni wapi.

2. Mti unaona namna gani bila macho?

Mwaka 1880 Charles Darwin, pamoja na mtoto wake Francis, alitangaza kazi waliyofanya juu ya mimea michanga ya jamii ya majani na nafaka. Waliiweka karibu na mwanga wa upande mmoja, nayo ikapinda kuufuata. Kisha walifunika ncha tu ya mmea kwa kofia ndogo isiyopitisha mwanga. Mmea haukupinda tena. Walipofunika sehemu ya chini na kuacha ncha wazi, ulipinda. Ncha ndiyo inayoona, lakini kinachopinda ni shina, chini ya ncha.

Baadaye, katika miaka ya 1920, Mholanzi Frits Went alionyesha kwamba kuna kitu kinachotoka katika ncha na kushuka kupeleka habari. Kinaitwa auksini. Mwanga ukipiga upande mmoja, auksini inakusanyika upande wa pili, ule wa giza. Pale seli zinarefuka zaidi, na kwa sababu upande mmoja umerefuka kuliko mwingine, mmea unainama kuelekea mwanga. Angalieni vizuri, wapendwa: ni upande wa giza unaofanya kazi kubwa ya kuusukuma mmea kwenye mwanga.

Kwa habari ya uzito, ndani ya seli fulani za mmea kuna chembe ndogo ndogo za wanga. Ni nzito, zinashuka na kukaa chini, kama mchanga katika ndoo ya maji. Mmea ukilazwa, chembe zile zinahamia upande mwingine wa seli, na mmea unajua kwamba umelala. Auksini inakusanyika upande wa chini. Katika kichipukizi inarefusha upande ule, na ncha inageuka juu. Katika mzizi auksini ile ile inachelewesha upande ule, na mzizi unageuka chini. Mjumbe ni mmoja na habari ni moja, lakini kila kiungo kinaitikia kadiri ya kazi yake. Bila mzizi kushuka, shina lisingesimama.

Mnaweza kujaribu nyumbani pamoja na watoto. Pandeni mahindi katika kopo. Yakifikia urefu wa kidole, lazeni kopo upande na kuliweka ndani ya kabati lenye giza. Kesho yake mtaona ncha zimegeuka kuelekea juu. Mle kabatini hamkuwa na mwanga wa kuzielekeza. Zimefundishwa na uzito.

Tusimame hapa kidogo. Mbegu iko chini ya udongo, haijaona jua hata mara moja. Nani anaiambia mwanga uko wapi? Ile nguvu inayoivuta chini ndiyo inayoionyesha juu. Kama hakuna uzito, mbegu isingejua pa kutokea. Sisi tunapolemewa tunalia na kuomba mzigo uondolewe. Ni haki kuomba. Lakini mzigo nao unaweza kumwambia mtu upande ambao atamtafuta Mungu.

3. Basi, kosa ni la nani?

Sasa turudi kwa kijana wetu na kwa binti wetu.

Anayesema "ameharibika toka tumboni" anafanana na mtu anayetazama mwembe uliopinda na kusema kwamba mbegu ilikuwa mbaya. Tumekwisha kuona kwamba mbegu nzuri kabisa, ikikosa mwanga pande tatu, itapinda upande wa nne. Mti ule haukuasi. Ulitii. Ulitafuta mwanga uliokuwapo, hata kama ulikuwa kidogo na wa pembeni. Kijana aliyekuwa na njaa, baba hana mshahara, shule imemfukuza kwa kukosa karo, aliona nafasi moja tu yenye mwanga, nayo ilikuwa ya machimboni. Akainama kule. Mbele ya kusema juu ya kuinama kwake, tuulize nani alikuwa amesimama mahali jua lilipopaswa kumfikia.

Mara nyingine, wapendwa, ni sisi wakubwa. Mti mkubwa unapendeza, watu wanapumzika chini yake, lakini miche iliyo chini yake haipati jua. Mzee asiyeachia vijana kazi yoyote katika parokia, mzazi asiyemsikiliza mtoto, mwalimu wa dini anayejua kukemea tu, hao ni kivuli. Katika msitu wa Ituri miche ya mti unaoitwa mbau inaweza kungoja miaka mingi chini ya kivuli cha mikubwa. Siku nafasi ikifunguka juu, inaanza kupanda. Ilikuwa hai siku zote, ikikosa nafasi tu.

Tena kuna jambo zito zaidi ambalo hatuwezi kulinyamazia. Katika miji yetu watoto wengi wamefukuzwa nyumbani kwa sababu waliitwa wachawi. Mtoto analala vibaya, anakojoa kitandani, ni mkaidi, au baba amepoteza kazi, mara mtu anasema ameona katika ndoto kwamba ni mtoto huyu. Na mara nyingine aliyesema ni mtu wa sala. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu jambo hilo. Lakini hata kama sheria ya serikali isingekuwapo, ingefaa sisi tuogope Mungu. Kumwita mtoto mchawi ni kusema kwamba mbegu ni mbaya bila kuangalia mahali ilipopandwa. Na tukiisha kumfukuza, anakwenda kukua pasipo mwanga, anapinda kweli kweli, nasi tunasema: "Mnaona? Tulisema nini?"

Wanafunzi wa Bwana waliuliza swali hili hili. Katika Yoane sura ya 9 walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakataka kujua aliyetenda dhambi ni yeye au ni wazazi wake. Bwana hakukubali jibu la kwanza wala la pili. Alisema kwamba kazi za Mungu zilipaswa kuonekana ndani ya mtu yule, kisha akatengeneza tope akampaka machoni. Wao walikuwa wanatafuta mwenye kosa. Bwana alileta mwanga.

Tena, katika Matayo sura ya 7 Bwana alitufundisha kuutambua mti kwa matunda yake. Hakusema tuutambue kwa umbo. Kuna miembe iliyopinda vibaya ambayo maembe yake ni matamu, na kuna miti iliyonyooka kama nguzo isiyozaa kitu. Ndugu anayefika kanisani na nywele tusizozipenda na mwendo wa machimboni, lakini anamlisha mama yake mjane, amekwisha kuzaa tunda. Tulione kwanza tunda hilo, ndipo tuzungumze juu ya nywele.

4. Lakini mtu si mti

Mtu mwingine atasema: "Shemasi, unawapa watu sababu ya kutenda dhambi. Kila mlevi atasema mimi ni mti, nilikosa mwanga." Neno hilo ni la haki, na lazima tulijibu.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, alikataza watu wa Israeli kusema kwamba wao wanaumia kwa makosa ya baba zao tu. Kila mtu atajibu juu ya njia yake mwenyewe, na anayegeuka ataishi. Mti hauchagui mwanga. Mtu anaona mianga miwili na anaweza kuchagua. Taa ya baa nayo ni mwanga. Pesa ya wizi inang'aa. Ncha ndiyo inayoona na shina linafuata, na ncha ya mtu ni moyo wake. Moyo ukitazama mwanga wa uongo, mwili wote utapinda. Kiongozi akitazama mwanga wa uongo, kanisa lake lote litapinda.

Basi tusemeje? Hapa tena mti una la kutufundisha. Mti mkubwa ukisukumwa na dhoruba ukainama, shina lake la zamani halirudi. Ubao ulio ndani haukui tena. Kinachokua ni tabaka jipya chini ya ganda. Lakini kwa tabaka hilo mti unafanya kazi ya ajabu. Miti mingi yenye majani mapana inatengeneza ubao wa pekee upande wa juu wa shina lililoinama, nao unalivuta kama kamba. Miti ya jamii ya msonobari inatengeneza ubao wake wa pekee upande wa chini, nao unasukuma kama jeki chini ya gari. Mwaka kwa mwaka, pole pole, shina linainuka. Likiwa nene mno kuinuka, chini linabaki na kona yake, lakini ncha inakwenda juu.

Seremala anaujua mti wa namna hii. Akikata shina anaona moyo wake hauko katikati: upande mmoja tabaka ni nene, upande mwingine ni jembamba. Anajua pia kwamba ubao wake ukikauka unaweza kujikunja, kwa hiyo anauchagulia kazi inayoufaa. Hivyo na mtu aliyeokoka kutoka mahali pabaya anabaki na alama yake, na pengine kuna mahali ambapo si vizuri kumweka. Aliyekuwa mlevi, usimpe kazi ya kulinda duka la pombe. Lakini alama si hukumu.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kichwa ni hili. Kona ya zamani mara nyingi si kosa la mti, na anayeuhukumu kwa kona ile hajausoma. Lakini tabaka la mwaka huu ni kazi ya mtu mwenyewe mbele ya Mungu. Hatakuja kuulizwa tu ulianguka wapi, ataulizwa pia ulivuta upande gani baada ya kuanguka. Nasi tulio karibu naye tutaulizwa kama tulimwachia jua.

5. Kanisa letu nalo ni mti

Tusisahau kwamba sisi wenyewe tulikua gizani. Papa Simon Kimbangu alianza kazi yake Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule alikamatwa. Tarehe 3 Oktoba mahakama ya jeshi kule Thysville, leo Mbanza-Ngungu, ilimhukumu kifo. Mfalme Albert wa Ubelgiji akabadili hukumu kuwa kifungo cha maisha, na Papa akaletwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi yetu ya leo, akakaa jela mpaka alipokufa tarehe 12 Oktoba 1951. Wafuasi wake waliondolewa vijijini mwao na kupelekwa mbali. Serikali ya Wabelgiji ilikubali Kanisa kwa sheria tarehe 24 Desemba 1959 tu. Toka 1921 ni miaka 38.

Kama umbo la mti lingehukumiwa siku zile, watawala wangesema kwamba ni mti ulioharibika, ukatwe. Na walisema hivyo. Hawakujua kwamba mbegu iliyo chini ya udongo inajua juu ni wapi kwa sababu ya uzito ule ule unaoikandamiza. Watu waliozaliwa na mateso ya namna hiyo, wanawezaje kuwa wa kwanza kushika shoka juu ya mtoto wa sokoni?

6. Tufanye nini?

Tumepewa maneno matatu ambayo kila mtoto wa Kanisa anayajua: Upendo, Amri, Kazi. Naona yanalingana na mambo ya mti.

Upendo ni mwanga. Kijana atainama upande anakopendwa. Akipendwa machimboni tu, atainama kule. Tumtembelee, tumwite kwa jina lake, tumrudishie nafasi katika fanfari au kwaya hata kabla hajanyooka. Mwanga ndio unaonyoosha mche, haungoji mche unyooke ndipo uufikie.

Amri ni uzito. Upendo bila amri ni mwanga bila timazi. Tusiogope kusema pombe ni mbaya na uongo ni dhambi. Lakini anayeegemeza mche kwa mti hafungi kamba mpaka ikate ganda, wala haiachi miaka yote, maana mche usioyumba hata kidogo na upepo unabaki na shina dhaifu.

Kazi ni tabaka jipya la kila mwaka. Hakuna anayenyooka kwa siku moja ya maombi. Tukumbuke mtunza shamba wa Luka sura ya 13: mwenye shamba alitaka kuukata mtini uliokaa miaka 3 bila tunda, lakini mtunza shamba aliomba mwaka mmoja zaidi, apate kuchimba kuuzunguka na kuweka mbolea. Alikuwa tayari kushika jembe mbele ya kushika shoka.

Basi mkutano ujao wa wazee, jina la kijana likitajwa, tusianze kwa kuuliza kosa ni la nani. Tuulize: kati yetu, nani atakwenda kwake juma hili? Na atakwenda na nini mkononi?

Mungu Baba atupe macho ya kusoma miti yake vizuri, na mikono ya kuiachia mwanga. Amina.

Ni mimi shemasi wenu katika kazi ya Bwana.